Naadam ya mjini au ya mashambani? Jibu kwa mwalimu wa Lamu

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lamu, nafundisha Mombasa. Nimedunduliza miaka minne ili nifanye safari moja ya maana, na nimechagua Mongolia, mwezi wa Julai, wakati wa sikukuu yao ya Naadam. Nitakwenda peke yangu. Navaa hijabu na sili nyama isiyochinjwa kihalali. Rafiki zangu wananishauri ninunue tiketi ya sherehe ya ufunguzi mjini Ulaanbaatar hata kama ni ghali, eti ndiyo Naadam yenyewe. Mwingine aliyewahi kufika ananiambia niachane na mji kabisa, niende mashambani. Nina siku kumi tu, kwenda na kurudi. Nifuate lipi?"

Marahaba, Mwalimu. Hongera kwa kudunduliza.

Nikuambie ninalolifikiria moja kwa moja, sababu zitafuata. Kaa mjini siku tatu, tiketi ya ufunguzi waachie wengine, nunua ya siku ya pili ya mieleka. Kisha toka mjini, ukatafute Naadam ya wilaya moja ndogo. Na kama bajeti itakubana mpaka lazima uache kimoja, acha ya mjini.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliingia mtego huo huo. Mara yangu ya kwanza nililipa fedha nyingi nikakaa jukwaa zuri uwanjani. Wakapita wapanda farasi, wakapita waimbaji, wakapita watoto waliopangwa kwa rangi, hotuba ikasomwa. Ilipoisha nikaona wapiga mieleka wameanza kuingia majanini mmoja mmoja, bila kelele, nikadhani ni wakati wa kwenda kula. Nikasimama. Mzee wa Kimongolia aliyekaa kando yangu akanishika mkono wa shati, akanielekeza kidole uwanjani, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeinuka harusini kabla ya bi harusi kutoka. Sikumwelewa. Nilikwenda kula. Ilinichukua mwaka mzima kujua nilichokiacha.

Neno lenyewe, Naadam, limetoka kwenye kitenzi cha Kimongolia chenye maana ya kucheza. Jina kamili ni Eriin Gurvan Naadam, michezo mitatu ya wanaume: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Naadam ya kitaifa huanza tarehe 11 Julai, siku ya kuadhimisha mapinduzi ya 1921, lakini michezo yenyewe ni ya kale kuliko serikali yoyote iliyopo leo. Kuna jiwe, sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Hermitage huko St. Petersburg, lililochongwa karne ya 13 kueleza kwamba Yesüngge, mpwa wa Chinggis Khan mwasisi wa himaya ya Wamongolia, aliurusha mshale umbali wa pima 335, yaani zaidi ya mita 500, mbele ya wakuu waliokusanyika. UNESCO iliiingiza Naadam katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Kwa hiyo ufunguzi ni pambo. Pambo zuri, sikatai, ila wewe umetoka mji wa Maulidi, unajua tofauti ya kuona gwaride na kuona watu wenyewe wanapocheza.

Na sehemu moja ya ufunguzi utaiona bila kulipa senti. Asubuhi ya tarehe 11, bendera tisa nyeupe zilizotengenezwa kwa singa za farasi hutolewa katika Jumba la Serikali, uwanja wa Sükhbaatar, na kupelekwa na askari wapanda farasi hadi uwanja wa michezo. Simama barabarani mapema. Na kama utafika siku moja kabla, tarehe 10, hapo hapo Sükhbaatar kuna siku ya mavazi: maelfu ya watu wamevaa deel, ile kanzu yao ndefu ya mikono mirefu na kola ya kufunga shingoni, na mshipi kiunoni. Ushauri wangu kwako: nunua au kodi deel. Inasitiri kuliko baibui linalopeperuka, na hijabu yako inakaa juu yake kama vile vilishonwa pamoja. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umejifunika. Wao wenyewe wanajifunika jua na vumbi.

Sasa, kwa nini siku ya pili?

Mieleka ya Naadam kuu huwa na watu 512, na katika miaka maalumu 1,024. Hakuna madaraja ya uzito. Kijana wa kilo 80 anaweza kupangwa na jitu la kilo 140. Ukishindwa mara moja umekwenda nyumbani. Maana yake raundi ya kwanza peke yake ina mapambano 256, mengi yakienda kwa wakati mmoja kwenye majani yale yale, na mgeni aliyekaa jukwaani haoni chochote isipokuwa watu wanaokumbatiana. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Siku ya pili, tarehe 12, wamebaki wachache. Alasiri wamebaki wanane, wanne, wawili. Hapo uwanja mzima unatazama sehemu moja, na hata wewe ambaye hujui jina la mtu utajikuta umechagua wako.

Tazama hivi vitu na utaelewa. Mpiga mieleka amevaa buti za ngozi, chupi nzito ya rangi ya bluu au nyekundu, na kikoti kifupi kinachofunika mikono na mgongo na kuacha kifua wazi. Wanasimulia kwamba hapo kale mwanamke alijificha katika vazi la kiume akawaangusha wanaume wote, ndipo wakaamua kifua kiwe wazi wasifedheheshwe tena. Ni hadithi, lakini muulize Mmongolia yeyote atakusimulia kwa furaha, wanawake hasa. Kila mpiga mieleka ana mtu wake, zasuul, anayemshikia kofia. Anayegusa ardhi kwa goti, kiwiko au mgongo ameshindwa, kiganja kinaruhusiwa. Zamani pambano lingeweza kuvuta muda mrefu watu wameshikana mabega tu, vichwa vimegusana, huku jua likiwachoma. Siku hizi likizidi waamuzi huwalazimisha kushikana kwa mkao maalumu ili liishe. Usichoke na huko kusimama. Angalia miguu. Utaona kisigino kinasogea kidogo, kinarudi, kinasogea tena, halafu ghafla mmoja yuko hewani.

Na angalia kinachofuata, maana ndicho kilichonifanya mimi nirudi. Aliyeshindwa hainuki na kuondoka. Anafungua kikoti chake, anainama, anapita chini ya kwapa la aliyemshinda. Mshindi anavaa kofia, anatandaza mikono kama mbawa, anazizunguka bendera polepole kama tai anayetafuta pa kutua. Hakuna kupiga kifua wala kumcheka mwenzake. Nimewaona vijana wa miaka 20 wakipitishwa kwapani na wazee wa 40, na wazee wakipitishwa na vijana, na heshima ni ile ile.

Halafu vyeo. Anayeshinda raundi tano huitwa kipanga, sita ni mwewe, saba ni tembo, nane ni Garuda, yule ndege wa visasili. Anayechukua Naadam yote huitwa simba, na akiichukua tena ni avarga, jitu. Fikiria: nchi isiyo na simba wala tembo hata mmoja nyikani, na watu wazima wanatembea mitaani wakiitwa Tembo Fulani kwa heshima ambayo sisi tulio jirani nao hatujawahi kuwapa. Cheo hicho ni cha maisha. B. Bat-Erdene, aliyetwaa Naadam kuu mara 11, alikuja kugombea urais mwaka 2013. Kwa hiyo zasuul anapopaza sauti kusoma sifa za mtu wake mbele ya umati, sikiliza hata kama huelewi neno. Ni kama kusikia majigambo.

Ulengaji shabaha ndio utakaokupa raha bila gharama. Uko kiwanja cha jirani na uwanja mkuu, watu huingia bure, na unaweza kusimama karibu kabisa. Upinde wao umeunganishwa kwa mbao, pembe na kano. Mshale una kichwa butu. Shabaha si duara la rangi. Ni vikopo vidogo vilivyosukwa kwa ukanda wa ngozi, vimepangwa chini kama ukuta mfupi, na mwanamume anavilenga kutoka mita 75. Wanawake wanashindana pia, kutoka mita 65, na usishangae ukiona bibi wa miaka 60 anavuta kamba mpaka sikioni. Kinachoshangaza wageni ni waamuzi: wamesimama pale pale penye shabaha, mishale ikija! Mshale ukipiga wanainua mikono na kuimba "uukhai", wimbo mrefu wa sauti moja. Kando yake, chini ya hema au ukumbini, kuna mchezo wa shagai, vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo, ambako mchezaji anarusha kipande kwa kidole kimoja kuvipiga vifupa vilivyosimamishwa mbali. Umeingizwa Naadam rasmi tangu 1998. Wenzake wanamwimbia wakati analenga, wakivuta sauti kumpa pumzi. Mimi hukaa hapo saa nzima. Wageni wengi hupita tu.

Kwa mbio za farasi, hapa ndipo mji unaposhindwa. Za Ulaanbaatar hufanyika Khui Doloon Khudag, kama kilomita 40 magharibi, na barabara siku hizo ni foleni isiyo na huruma. Ukiamua kwenda, toka saa kumi na moja alfajiri. Na ujue utaona nini: hizi si mbio za kuzunguka uwanja. Ni nyika tupu, mstari mmoja ulionyooka. Farasi wa miaka miwili hukimbia kama kilomita 12, wakubwa kilomita 25 hivi, na kabla ya hapo wanatembezwa umbali huo huo kwenda mwanzoni. Kwa hiyo unasubiri. Watu wanakula, wanazungumza, wazee wanatazama upeo. Kisha mtu mmoja ananyoosha mkono na unaona uzi wa vumbi, mwembamba, mbali, unaodhani ni lori. Uzi unanenepa. Halafu unasikia kwanza kwa miguu yako, si kwa masikio. Mjini utakuwa nyuma ya uzio na vichwa elfu mbele yako. Wilayani utakuwa umesimama majanini pamoja na jamaa wa farasi wenyewe, na vumbi litakufika kooni. Wao wanalifurahia, wanaamini vumbi la farasi walioshinda lina bahati.

Wanaopanda ni watoto, Mwalimu, na wewe ni mwalimu, kwa hiyo sitakuficha. Sheria inataka wawe na miaka 7 na kuendelea, na wengi hawajazidi 12, wavulana na wasichana. Hoja yao ni kwamba mbio hizi zinampima farasi na mfunzaji wake, si mpandaji, kwa hiyo mpandaji awe mwepesi. Kofia ngumu na vizibao vya kinga vimewekwa kwa sheria. Lakini watoto huanguka, wengine huumia vibaya, na watetezi wa haki za watoto ndani na nje ya nchi wamelisema jambo hili kwa miaka. Umeona vijana wa Lamu kwenye mbio za punda, unajua fahari iliyomo na unajua hofu ya mama yake. Zidisha ukubwa wa mnyama na urefu wa njia. Mimi huangalia, na kila mara moyo wangu hauko sawa. Utaamua mwenyewe ukifika.

Farasi watano wa kwanza humiminiwa airag, maziwa yaliyochachuliwa ya farasi, na kusifiwa kwa mashairi. Na farasi wa miaka miwili aliyefika wa mwisho kabisa naye huimbiwa. Wanamwita bayan khodood, mwenye tumbo la neema, wanamwambia kosa halikuwa lake, mwaka ujao atatangulia. Mara ya kwanza nilipotafsiriwa shairi hilo niliomba lirudiwe.

Basi, hiyo wilaya ndogo utaipataje? Mongolia ina mikoa 21, inaitwa aimag, na chini yake wilaya zaidi ya 300, zinaitwa sum. Karibu kila moja ina Naadam yake. Tatizo ni tarehe: nyingi hufanya siku zile zile za tarehe 11 hadi 13, lakini nyingine hutangulia au huchelewa, na baadhi hutangaza tarehe karibu karibu. Kwa hiyo fanya kinyume cha wanavyofanya wengi. Kabla ya kununua tiketi ya ndege, tafuta wakala au dereva wa huko, mwandikie, mwombe akutajie sum ambayo Naadam yake iko baada ya tarehe 13 au kabla ya tarehe 10. Ukipata, panga safari kuizunguka tarehe hiyo. Upande wa Kharkhorin, kama kilomita 360 kwa barabara ya lami, ni pazuri, na pale pale utaona monasteri ya Erdene Zuu ya mwaka 1585 karibu na magofu ya mji mkuu wa himaya ya Wamongolia. Wakala atajaribu kukuuzia "Naadam ndogo" iliyopangwa kambini kwa ajili ya watalii, wapiga mieleka sita na farasi kumi. Si uongo kabisa, vijana wenyewe ni wa kweli. Ila hakuna anayejali nani ameshinda, na mchezo usio na wa kuumia moyo ni ngoma bila wenyewe. Kataa kwa adabu.

Kwenye sum utakuta magari yamepangwa duara badala ya uzio, watazamaji wamekaa kwenye majani na kwenye migongo ya farasi, wapiga mieleka 32 au 64, na mshindi akitupa vipande vya jibini kavu, aaruul, kwa watoto. Utakaa hatua tano kutoka kwao. Utasikia wanavyopumua.

Haya, chakula. Hili ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu, maana wengi hawakuambii mapema. Wamongolia hawachinji kwa koo. Mnyama hulazwa chali, hukatwa tundu dogo kifuani, mkono huingizwa kukata mshipa mkuu, damu isimwagike ardhini. Kwao ni kumheshimu mnyama na ardhi, lakini kwako si halali. Na nyama iko kila mahali: khuushuur, ambayo ni sikukuu yenyewe, ni kama sambusa iliyobanwa bapa, nusu mwezi, nyama ya kondoo ndani, inakaangwa uwanjani kwa harufu itakayokutesa. Zipo za viazi au kabichi, ila mafuta ni yale yale, uliza. Mjini hakuna shida kubwa: migahawa ya mboga tupu ipo mingi kuliko unavyofikiri, ya Kituruki ipo, mayai na wali utapata. Mashambani ishi kwa maziwa, na kwa bahati Julai ndio msimu wake: mtindi mzito unaoitwa tarag, malai yaliyoganda yanayoitwa urum juu ya mkate, aaruul, chai ya maziwa yenye chumvi badala ya sukari. Utaikunjia uso siku ya kwanza. Siku ya tatu utaiomba. Beba tende na njugu kutoka nyumbani, mfuko mzima. Waislamu wapo Mongolia, Wakazaki, lakini wengi wako mkoa wa Bayan-Ölgii, mwisho wa magharibi, mbali na njia yako.

Airag nayo ina ulevi, kidogo lakini upo. Watakukaribisha bakuli. Usikatae kwa mkono wala usigeuze uso. Ipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, isogeze mdomoni bila kunywa, irudishe kwa tabasamu na useme hunywi. Wanaelewa, na hawatakulazimisha mara ya pili. Chupa ya ugoro ni hivyo hivyo: mzee atakupa kichupa cha jiwe kama salamu. Kipokee kwa kiganja cha kulia, kinuse au ujifanye unanusa, kirudishe.

Ukialikwa kwenye ger, hema lao la mviringo, usikanyage kizingiti, usisimame juu yake ukisalimia. Ingia, geukia kushoto, zunguka kwa kufuata saa. Usielekeze nyayo kwenye jiko. Kofia ya mtu usiiguse, ya mpiga mieleka ndiyo kabisa. Ukimkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya, mpe mkono haraka. Ndiyo kuomba radhi kwao, na ni pazuri pa kuanza mazungumzo. Salamu ni "sain baina uu", na siku hizo ongeza "saikhan naadaarai", Naadam njema. Zitakutosha mpaka mtafsiri afike.

Kuhusu kuwa peke yako: mchana hakuna tabu. Watu watakutazama, watoto hasa, na wengi wataomba picha; wachache watagusa nguo yako waone kitambaa. Jioni ya sikukuu wanaume hulewa, kama sikukuu zote za dunia, kwa hiyo magharibi ikifika uwe umerudi. Ila magharibi yenyewe ni karibu saa tatu usiku, na jua linatoka saa kumi na moja alfajiri, panga swala zako na usingizi wako kwa hilo. Mjini, kwenye umati wa uwanja na soko la Narantuul, wezi wa mifuko hawana likizo. Kwenda mashambani usiende bila dereva mnayeaminiana. Njia nyingi hazina kibao na simu hukata. Mwulize wakala kama ana kiongozi mwanamke, wapo wengi na ni wazuri, na kwa msafiri wa peke yake ni starehe.

Viza iwe kitu cha kwanza. Ulizia ubalozi mapema, na kama utapita nchi nyingine njiani uliza na masharti yao ya kubadilisha ndege. Mimi napenda njia ya Istanbul: ndege moja kutoka Nairobi au Mombasa, nyingine mpaka Ulaanbaatar, na swala na chakula cha halali katikati ya safari. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 50 nje ya mji, panga wa kukuchukua. Tarehe 11 hadi 15 ni likizo, ofisi na benki zinafungwa, nusu ya mji inahamia mashambani na magari yanajaa. Kwa hiyo chenji fedha na lipa kila kitu kabla ya tarehe 10. Kwenye sum beba tugrik, fedha yao, mkononi.

Nguo: Julai ni joto mchana, baridi usiku, na ni mwezi wa mvua. Sweta, koti la mvua, viatu vya kufunga. Mtandio mwepesi wa ziada kwa ajili ya vumbi, na hapo hijabu yako imekutangulia kujibu. Choo mashambani ni cha shimo, mbao mbili juu yake. Hujazoea? Utazoea.

Kama nikupangie, ningefanya hivi: fika tarehe 9, lala. Tarehe 10 Sükhbaatar na deel yako. Tarehe 11 bendera barabarani, kisha ulengaji shabaha na shagai mpaka jioni. Tarehe 12 mieleka, kaa mpaka mwisho hata mvua ikinyesha, leta mwavuli. Tarehe 13 lala barabarani kuelekea sum yako, siku tatu huko, rudi.

Zawadi: kanga. Nyepesi, haivunjiki. Mama wa ger atakayekukaribisha mpe kwa mikono miwili, umwonyeshe maandishi, umweleze yanasema nini. Wao pia wanapenda maneno ya mafumbo, mtacheka. Watoto wape pipi, si fedha.

Na ukirudi niandikie, nataka kujua mwaka huo nani kachukua simba, na kama ulikaa mpaka mwisho.